Udahili Umetoka, Muda Hakuna

Nilikuwa kwenye orodha ya akiba, na kusema kweli nilishaacha kufikiria habari hiyo. Mwanzoni mwa Agosti ikaingia barua pepe kutoka chuo kimoja cha Uingereza: kuna mtu amejitoa, nafasi ya shahada ya uzamili ni yangu nikiitaka, ada italipwa na chuo, masomo yanaanza mwishoni mwa Septemba. Nilijibu siku hiyohiyo kwamba naitaka. Swali la kama nitawahi nilikuja kujiuliza usiku, nikiwa kitandani.

Ushauri ulianza kumiminika kabla sijamaliza kuwaambia watu. Karibu wote ulihusu begi: koti la baridi, soksi nzito, adapta ya umeme, usisahau dawa za kichwa. Ulikuwa ushauri wa upendo na sina neno nao, ila koti halijawahi kumzuia mtu kuingia darasani. Aliyeniokoa ni dada yangu, ambaye alisoma nje kabla yangu. Alipiga simu, akanipongeza kwa sentensi moja, kisha akaanza.

"Pasipoti yako inaisha lini?"

"Bado ina miaka, dada."

"Haya. Hela ya kujikimu iko benki? Kwa jina la nani?"

"Iko kwa baba. Ila haijatimia."

"Basi mdogo wangu, leo hii mwambie baba aijazie, na ikishatimia asiiguse. Halafu kaa chini uandike kila kitu ambacho kiko mikononi mwa mtu mwingine. Anza na hivyo. Vilivyo mikononi mwako vitakungoja."

Nilichukua karatasi nikaigawa pande mbili. Upande mmoja niliandika benki, hospitali, ofisi ya msajili wa chuo nilichomaliza, chuo kipya, uhamiaji. Upande wa pili nguo, begi, tiketi, simu, kuaga. Wiki za mwanzo sikuutazama kabisa upande wa pili, na kila aliyeniuliza kama nimeshanunua koti nilimwambia bado, akaondoka akidhani sina haraka.

Suala la benki lilitangulia kwa sababu lina saa yake isiyobembelezwa. Kanuni ya viza ya mwanafunzi ya Uingereza inataka hela ya kujikimu ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo, salio lisishuke chini ya kiwango hata siku moja, na siku ya mwisho ya kipindi hicho isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya kutuma maombi. Kiwango chenyewe hukokotolewa kwa miezi ya masomo, isiyozidi tisa, na anayesoma London hudaiwa zaidi kuliko wa miji mingine. Ukitazama kwa makini utaona ugumu ulipo. Kila kitu kingine katika safari hii unaweza kukisukuma: unaweza kupiga simu, kulipia huduma ya haraka, kwenda ofisini ukakaa kwenye benchi mpaka waone aibu. Siku 28 hazina mlango wa nyuma. Hela ikitimia leo, maombi yako ya mapema kabisa ni wiki nne kuanzia leo, na ukiitoa kidogo katikati unaanza kuhesabu upya.

Baba alikusanya kilichopungua kwa ndugu, akaweka, akaacha. Gari lake likaharibika ndani ya wiki hizo. Fundi akataja gharama, baba akasikiliza, akaliacha palepale nje likapigwa na jua, akawa anatembea kwenda kazini. Hakunitajia. Nilikuja kuambiwa na mama nikiwa nimeshapata viza.

Nchi nyingine zina kufuli zao za aina hii. Rafiki yangu aliyekwenda Ujerumani alitakiwa kufungua akaunti maalumu ambayo hela inawekwa yote kwa pamoja, kisha mwanafunzi akishafika anaruhusiwa kuchota kiasi cha mwezi tu. Kiwango chake wakati ule kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, yaani euro 992 kwa mwezi. Anayekwenda Marekani kwa kawaida huonyesha chuo kwanza uwezo wake wa fedha ndipo apewe fomu ya I-20, ile ya chuo ya kuombea viza, alipe ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, ambayo kwa wanafunzi wengi ni dola 350, halafu aingie kwenye foleni ya kupangiwa mahojiano ubalozini. Kwa hiyo mtu akiniambia amepata chuo na muda umembana, swali langu la kwanza siku hizi ni nchi gani, na la pili ni pesa imelala wapi.

Kutumia akaunti ya mzazi kunaruhusiwa Uingereza, lakini kunaleta nyaraka zake: cheti cha kuzaliwa kinachoonyesha kwamba huyu ni mzazi wako, na barua yake ya kuridhia. Nikatoa cheti changu kwenye bahasha ya mama. Jina la baba lilikuwa limeandikwa na herufi "h" katikati ambayo haimo kwenye pasipoti yake wala kwenye akaunti yake ya benki. Karani aliyekijaza miaka hiyo alilisikia hivyo, akaliandika hivyo. Kwa miaka yote herufi ile haikumsumbua mtu.

Nilijua watu wawili waliopuuza tofauti kama hiyo na wakapita salama. Lakini mwenye muda mfupi hana nafasi ya kujaribu bahati, kwa kuwa akikataliwa, maombi mapya yanaanza mwanzo na chuo hakimsubiri. Tukaenda kwa wakili, baba na mimi. Wakili alikuwa na mashine ya chapa mezani na mhuri wa chuma wa kubana karatasi. Aliandika kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja, baba akaapa, akatia sahihi polepole kama anayechora, mhuri ukabanwa ukaacha duara lenye vipele unavyoweza kuvisoma kwa kidole. Hati hiyo ya kiapo ikawa ukurasa wa tatu wa viambatisho vyangu. Tangu hapo, mtu akinionyesha udahili huwa namwomba atandaze mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cha sekondari na cha shahada, kisha asome majina herufi kwa herufi kwa sauti. Watu hunicheka kwanza. Halafu wananyamaza.

Sambamba na benki nilianza kufuatilia matokeo yangu rasmi, maana udahili wangu ulikuwa na masharti: chuo kipya hakiwezi kutoa namba ya CAS, yaani uthibitisho wake kwamba kimekupokea, ambayo bila hiyo huombi viza, mpaka kione nakala rasmi ya matokeo ya shahada ya kwanza. Hapo ndipo nilipojifunza tabia ya ofisi. Dirishani niliambiwa kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, msajili yuko mkutanoni, mwenye mhuri yuko likizo. Kulalamika hakukusaidia. Kilichosaidia ni kuuliza upande wa pili. Nilimwandikia ofisa udahili wa chuo kipya nikamuuliza: je, mnaweza kupokea nakala ya muda ikitumwa moja kwa moja kutoka barua pepe ya ofisi ya msajili, halafu nije na halisi siku ya kujisajili? Akajibu ndiyo, kwa mstari mmoja. Nikauchapa mstari ule, nikaupeleka dirishani. Ofisi ambayo haikuweza kunipa karatasi iliweza kutuma barua pepe siku ileile.

Naliona hili kuwa jambo kubwa kuliko yote niliyoyapata katika safari ile. Sharti lililoandikwa kwenye wavuti ni la watu wote. Mtu anayelisimamia mara nyingi ana nafasi ya kukubali njia nyingine, ila hawezi kukupa usichomwomba. Suala la Kiingereza lilikwenda vivyo hivyo. Mtihani wa IELTS ungenila muda wa kusubiri tarehe na matokeo, na matokeo yake huchukuliwa kuwa hai kwa miaka 2 tu, kwa hiyo wenye karatasi za zamani hawaponi. Lakini vyuo vikuu vingi vya Uingereza vina ruhusa ya kupima Kiingereza cha mwanafunzi wa shahada kwa njia zao wenyewe. Niliuliza kama barua inayothibitisha kwamba shahada yangu ilifundishwa kwa Kiingereza inatosha. Ikatosha.

Unapoandika barua pepe za namna hii, zifanye fupi. Namba ya udahili kwenye kichwa cha barua, swali moja, tarehe unayobanwa nayo. Barua ndefu ya shukrani na historia ya familia husomwa mwishoni mwa siku, au kesho yake. Na ukipewa saa ya mwisho ya kuwasilisha kitu, kumbuka ni saa ya kule, si ya kwako. Nilikuwa na saa mbili kwenye simu, moja ya nyumbani na moja ya chuo, na nilifanya mahesabu yangu yote kwa ile ya pili.

Kipimo cha kifua kikuu nilikifanya mapema sana, wakati wengine walinishauri nikiache mpaka CAS itoke. Wanaoishi katika nchi zilizo kwenye orodha ya Uingereza, wakienda kukaa zaidi ya miezi sita, lazima wapimwe kwenye kliniki iliyoidhinishwa, wala si hospitali yoyote. Unavua shati, unabandika kifua kwenye ubao wa baridi, unavuta pumzi, unaishika, kazi imekwisha. Picha ikiwa safi unapewa cheti kinachodumu miezi sita. Picha ikiwa na doa lolote, hata kovu la homa ya mapafu ya utotoni, unaweza kuombwa makohozi yaoteshwe maabara, na hapo majibu huchukua hadi wiki nane. Wiki nane zingenimaliza. Ndiyo maana sikuelewa kwa nini nisubiri: cheti kingekuwa bado hai Septemba, na kama kulikuwa na doa, bora nilijue Agosti nikiwa na nafasi ya kuzungumza na chuo.

CAS ilipotoka niliisoma mara kadhaa kabla ya kugusa fomu ya viza. Ni namba tu, lakini nyuma yake kuna maelezo ambayo uhamiaji watayaona: jina, namba ya pasipoti, kozi, ada iliyolipwa na iliyobaki. Kama chuo kimesahau kuandika kwamba ufadhili unalipa ada, utaonekana unadaiwa pesa ambazo hudaiwi. Yangu ilikuwa na tarehe ya kuzaliwa iliyogeuzwa, siku ikakaa mahali pa mwezi. Ilirekebishwa kwa barua pepe moja. CAS hutumika mara moja, hivyo marekebisho ya namna hii ni ya kabla ya kutuma maombi.

Siku 28 zilipotimia baba alikwenda benki kuchukua taarifa yenye mhuri, na usiku ule nikajaza fomu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ada ya viza, lakini watu wengi hushtushwa na tozo ya huduma za afya inayolipwa papo hapo: nilipoomba mimi ilikuwa pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi, na viza ya kozi ya mwaka mmoja huwa na miezi ya ziada ambayo nayo huhesabiwa, hivyo jumla yake ni pauni 1,164. Bila kuilipa maombi hayaendi. Kama mfadhili wako hailipi, iingize kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, maana ni pesa ya kupatikana kando, nje ya ile iliyofungiwa benki. Dada ndiye aliyenikumbusha pia kwamba kadi ya benki ya kawaida inaweza kugoma kwenye malipo makubwa ya nje. Nilikwenda mapema nikaomba kikomo kiongezwe.

Nililipia huduma ya haraka, inayolenga kutoa jibu ndani ya siku 5 za kazi baada ya alama za vidole kuchukuliwa. Sioni aibu kuisifia. Huduma ya kawaida hulenga wiki tatu, na wiki tatu sikuwa nazo. Ila iwe kwa kulipia kwenye mfumo rasmi wenyewe. Nje ya kituo cha maombi ya viza kulikuwa na kijana aliyeniambia ana mtu ndani anayeweza kusogeza faili. Watu wenye haraka ndio riziki ya vijana wa namna hiyo, na uamuzi wa viza ile hautolewi pale kituoni kabisa. Pale wanachukua vidole, picha na nyaraka.

Kipindi cha kusubiri kina vishawishi vyake viwili. Cha kwanza ni tiketi. Bei inapanda kila siku na roho inakutuma ununue. Niliweka nafasi inayoweza kubadilishwa, nikakubali kulipa zaidi kwa ajili ya uhuru huo. Halafu tazama ndege inapita wapi. Kupita kwenye kiwanja cha Marekani, kwa mfano, kunadai viza au kibali hata kama hutoki nje ya jengo, na tiketi ya bei nafuu inaweza kuwa nafuu kwa sababu hiyo. Cha pili ni chumba. Waliodahiliwa mapema wanakuwa wameshajaza mabweni, na mitandaoni utakuta vyumba vizuri mno vya watu wanaotaka amana leo, kwa sababu "kuna wengine wanaulizia". Mimi niliomba kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri ya bweni, nikakodi mahali pa muda pa wiki za mwanzo panapoweza kufutwa bila kukatwa pesa, na kabla ya kuhamia popote pa kudumu nikaenda kupaona kwa macho.

Viza ikatoka. Uingereza sasa inatumia viza ya kielektroniki, kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kufungua akaunti mtandaoni na kuhakikisha pasipoti niliyosafiria ndiyo iliyounganishwa nayo.

Upande wa pili wa karatasi, ule wa begi, niliumaliza kwa siku chache. Nguo nyepesi za kuvaa tabaka juu ya tabaka, kisha koti nikalinunua kulekule, kwa watu wanaoijua baridi yao. Kilo 23 ndiyo kawaida ya begi moja kwenye ndege nyingi, lakini baadhi ya mashirika huwaongezea wanafunzi ukiomba na ukionyesha barua ya udahili, na ni vizuri kuuliza kabla ya kununua tiketi. Benki ya umeme ya simu hubebwa mkononi, kamwe si kwenye begi la chini. Dawa za mwezi mmoja pamoja na karatasi ya daktari. Nyaraka zote halisi kwenye mkoba usioachana na mwili, nakala zake kwenye simu, nakala nyingine kwa dada. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo ilikuwemo. Tangu 2016 haina tena ukomo wa miaka 10, ila bado kuna mahali utaombwa uionyeshe.

Ambalo sikulitayarisha, na nadhani haliwezekani kutayarishwa kwa muda ule, ni masomo yenyewe. Wenzangu walikuwa na orodha ya vitabu tangu Juni. Mimi nilifika siku chache kabla ya vipindi kuanza, nikiwa nimesoma kanuni za uhamiaji kwa kina kuliko somo langu lolote. Oktoba nzima nilikuwa wa kuandika maneno pembeni ili nikayatafute usiku. Nilimwendea msimamizi wangu wiki ya kwanza, nikamweleza nilivyoingia, akanipa makala matatu akasema nianze na hayo, mengine niyaache mpaka Desemba. Kama nisingemwambia angenidhania mvivu.

Kuna wanaoniuliza kama ningeahirisha hadi mwaka uliofuata. Vyuo vingi huruhusu, na kwa mtu anayejilipia mwenyewe, nafikiri mara nyingi ndiyo busara: mwaka mmoja unakupa nafasi ya kutafuta ufadhili, chumba cha bei nzuri, na kusoma kidogo. Ufadhili wangu ulikuwa wa mwaka ule tu, niliuliza nikajibiwa hivyo kwa maandishi, kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa tofauti. Uliza kabla ya kulipa ada ya viza, na uliza pia siku ya mwisho kabisa ambayo chuo kitakupokea ukichelewa, maana vingi vina siku hiyo na havipendi kuitangaza. Ya chuo changu nilikuwa nimeiandika juu kabisa ya ile karatasi, kwa wino mwekundu, na jibu la viza lilitoka ikiwa imebaki wiki moja na kidogo.